Shabana FC: Timu ya Kisii Iliyobeba Jina la Duka

Shabana FC ni klabu ya kandanda ya mji wa Kisii. Ilianzishwa mwaka 1980 na kupewa jina la mfadhili wake wa kwanza, duka la vifaa vya ujenzi la Shabana Hardware. Uwanja wake wa nyumbani ni Gusii Stadium, ulio mjini Kisii, na jina lake la utani ni Tore Bobe. Umri wake si mkubwa, wala haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu. Hata hivyo ni vigumu kutaja timu nyingine, ya mchezo wowote, ambayo wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira wameipenda kwa pamoja kiasi hicho. Kisa chake cha kushuka, kupotea machoni pa watu na kurudi kinafundisha mengi kuhusu jinsi soka ya kulipwa inavyoishi, na inavyokufa, nchini Kenya.

Shabana ilipozaliwa, Kisii na Nyamira zilikuwa bado wilaya moja. Ukanda huo, uitwao Gusii, ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua nyingi, migomba, mashamba ya chai na boma zilizokaribiana kuliko sehemu nyingi za mashambani nchini. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Kipande cha ardhi tambarare kinachotosha uwanja wa mpira si kitu cha kupatikana kila kijiji, na ndiyo maana viwanja vya shule za msingi, hata vile vilivyoinama upande mmoja, vimekuwa mahali ambapo vijana wengi wa huko hujifunzia mpira. Mchezaji aliyezoea kupiga pasi ya kupanda mlima hupata raha akifika uwanja wa Kisii.

Kabla ya kandanda, jina la Gusii katika michezo lilibebwa na wakimbiaji. Nyantika Maiyoro alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1954 mjini Vancouver, Kanada, wakati Kenya ingali koloni, na miaka miwili baadaye akamaliza wa saba katika mbio za mita 5,000 za Olimpiki ya Melbourne. Naftali Temu ndiye Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, timu ya Kenya iliyotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne ilikuwa na vijana watatu wa Gusii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang wa Nandi. Yobes Ondieki akaja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na mwaka 1993 mjini Oslo akawa mwanadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27.

Urithi huo ni mkubwa, lakini ulikuwa na upungufu mmoja kwa watu wa nyumbani: mbio hizo zilikimbiwa mbali. Mkulima wa Kebirigo au mfanyabiashara wa Daraja Mbili alizisikia redioni, akafurahi, kisha akarudi kazini. Kilichokosekana ni kitu cha kukusanyikia pale pale mjini, wiki baada ya wiki, na kitu hicho kikaletwa na kandanda.

Mwaka wa kuzaliwa kwa Shabana una maana yake katika historia ya soka ya Kenya. Hadi wakati huo, klabu kubwa zilikuwa zimejengwa juu ya vyama vya kikabila vya watu waliohamia mijini kutafuta kazi. Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na timu. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor Mahia, iliyokuwa imechukua jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo, ikabaki na lake. Timu ya Kisii iliyojitokeza na jina la duka haikuwa na la kubadilisha. Kila mtu alijua ni timu ya nani, ila jina lenyewe lilikuwa la biashara.

Udhamini wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida. Kampuni ya bia ilikuwa na Kenya Breweries, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Tusker. Viwanda vya sukari vya magharibi vilikuwa na timu zao, bandari ya Mombasa ilikuwa na yake, majeshi yalikuwa na yao, na mjini Eldoret kiwanda cha nguo cha Rivatex kiliunda timu pia. Katika mfumo huo mchezaji mara nyingi hakuwa na mkataba wa soka kama unavyoeleweka leo. Aliajiriwa kama karani, fundi au mlinzi, akaruhusiwa kwenda mazoezini alasiri. Mwenye kampuni alinunua jezi na viatu, akakodi gari la safari za ugenini, akalipa chakula na mahali pa kulala. Kampuni ilipata sifa na mchezaji akapata mshahara wa mwezi, na wengi walipotundika viatu walibaki kazini pale pale.

Tofauti kati ya Shabana na timu hizo ni ukubwa wa mfuko. Kiwanda cha sukari kina maelfu ya wafanyakazi na wakulima nyuma yake, na kampuni ya bia ina soko la nchi nzima. Duka la saruji, mabati na misumari katika mji wa mkoa, hata likistawi vipi, haliwezi kushindana na hizo kwa fedha. Kwa hiyo tangu mwanzo Shabana ilihitaji nguzo ya pili, na nguzo hiyo ilikuwa watu wanaolipa kiingilio.

Na watu walikuja. Katika miaka ya 1980 Shabana ilikuwa katika ligi kuu, ikipambana na Gor Mahia na AFC Leopards zilizokuwa zikipokezana ubingwa: Leopards mwaka 1986, Gor Mahia 1987, kisha Leopards tena 1988 na 1989. Ulikuwa muongo mzuri kwa soka ya Kenya. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela, na mwaka huo huo timu ya taifa, Harambee Stars, ikafika fainali ya Michezo ya Afrika iliyoandaliwa Nairobi na kufungwa na Misri bao moja kwa sifuri. Ligi ya nyumbani ilijaa wachezaji wa hali ya juu, na timu ya mji mdogo iliyoweza kusimama katika ligi hiyo ilistahili heshima.

Siku ya mechi kubwa mjini Kisii haikuanza na kipyenga cha mwamuzi. Magari yalishuka asubuhi kutoka Nyamira, Keroka, Ogembo na Suneka. Wengine walitembea. Wachuuzi wa miwa, ndizi na njugu walijipanga kwenye malango ya uwanja, na biashara za mji zikatengeneza fedha ambazo hazikuonekana siku nyingine isipokuwa ya soko. Gor Mahia nayo haikuja peke yake, kwa kuwa Kisumu, Homa Bay na Oyugis hazipo mbali, na mashabiki wake walivuka mpaka kwa wingi. Hadi leo mechi ya timu hizi mbili ina joto la ujirani ambalo haliwezi kupatikana zikicheza na timu ya Nairobi.

Jina linalotajwa kwanza kila Shabana ya zamani inapokumbukwa ni la Henry Motego, mshambuliaji aliyekuwa kipenzi cha uwanja mzima na aliyeitwa pia timu ya taifa. Wapo watu wa makamo mjini Kisii ambao hawawezi kutaja kikosi kizima cha miaka ile, ila Motego wanamtaja.

Mchezaji mwingine aliyepitia Shabana alikwenda mbali zaidi, na safari yake inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mike Okoth alizaliwa katika familia ya mpira. Kaka yake, Austin Oduor, ndiye nahodha aliyeinua Kombe la Mandela na Gor Mahia mwaka 1987. Okoth mwenyewe, mshambuliaji mrefu, alichezea Shabana kabla ya kujiunga na Kenya Breweries, na katika miaka ya 1990 akaenda Ubelgiji. Huko alichezea Oostende, kisha Harelbeke, kisha Genk, na akiwa Genk akatwaa ubingwa wa Ubelgiji katika msimu wa 1998/99. Wakati huo Wakenya waliocheza ligi za juu za Ulaya walikuwa wachache mno, na wakala wa kumtafutia kijana wa Kenya timu ya Ulaya alikuwa adimu. Kwa mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Shabana kufika hapo lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoandikwa magazetini.

Mwanawe, Divock Origi, alizaliwa mjini Ostend mwaka 1995, baba yake akichezea timu ya mji huo. Aliifungia Ubelgiji bao dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 19. Mwezi Mei mwaka 2019 alifunga mabao mawili Liverpool ilipoipiga Barcelona nne bila na kugeuza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na majuma machache baadaye akafunga bao la pili la fainali dhidi ya Tottenham mjini Madrid. Kisii haina dai lolote juu ya mabao hayo kisheria, lakini shabiki wa Shabana aliyemwona baba akicheza Gusii Stadium ana haki ya kuyafurahia kwa namna yake.

Suala la sheria lenyewe lina uzito. Tangu mwaka 2001 FIFA imekuwa na kanuni zinazozilipa klabu zilizomlea mchezaji. Klabu iliyomfundisha kijana hustahili fidia ya malezi anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kila anapouzwa kabla mkataba haujaisha na kuvuka kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zote alizochezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Okoth alipoondoka Kenya kanuni hizo hazikuwapo. Leo zipo, lakini ili klabu ilipwe ni lazima iwe na kumbukumbu: kadi za usajili, tarehe, na jina la mchezaji katika mfumo wa shirikisho. Klabu nyingi za Kenya zimepoteza fedha za namna hii kwa sababu karatasi hazikutunzwa. Kwa timu kama Shabana, inayochota vijana kutoka shule za Kisii na Nyamira, daftari la usajili lililojazwa vizuri linaweza kuwa na thamani kuliko viingilio vya msimu mzima.

Miaka ya 1990 ilileta ukame. Uchumi wa Kenya ulidorora, kampuni zikapunguza matumizi, na kitu cha kwanza kukatwa katika bajeti kilikuwa timu ya mpira. Timu za kampuni zilianza kuvunjika moja baada ya nyingine. Oserian Fastac, iliyofadhiliwa na kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002, na haikuchukua muda ikatoweka kabisa. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi usioisha katika shirikisho la soka, uliofanya FIFA kuifungia Kenya mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Ligi ikagawanyika, mechi zikakosa ratiba ya kuaminika, na watazamaji wakahamia kwenye vibanda vya kuonyeshea ligi ya Uingereza.

Shabana ilishuka daraja mwaka 2006, na ingekaa nje ya ligi kuu kwa miaka 17.

Kwa msomaji asiyefuatilia mpira, ni vyema kueleza maana ya kushuka daraja. Ligi ya Kenya, kama ligi nyingi duniani, ina ngazi. Chini kabisa ni ligi za kaunti na za kanda, juu yake madaraja ya taifa, kisha Ligi ya Supa ya Taifa, na kileleni Ligi Kuu. Timu za mkiani hushuka kila msimu na zilizoongoza ngazi ya chini hupanda. Timu inayoshuka hupoteza fedha za televisheni, wadhamini, wachezaji bora na mashabiki wa mechi kubwa, yote katika msimu mmoja. Kitu kimoja tu haipotezi: haki ya kujaribu tena.

Haki hiyo haipo kila mahali. Amerika Kaskazini, ligi za kulipwa hazina ngazi. Timu ni mali ya mwekezaji aliyenunua nafasi, na akiishiwa huifunga au huihamishia mji mwingine. Mfano mzuri ni ligi ya kulipwa ya mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya magurudumu, Roller Hockey International, iliyoanza mwaka 1993 ikiwa na timu 12. Mwaka uliofuata zilikuwa 24. Viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja vilikuwa vimeshika vijana wa Marekani na Kanada, na wawekezaji walidhani wamepata mchezo wa karne ijayo. Anaheim Bullfrogs wa California, waliotwaa kombe la kwanza na kulichukua tena mwaka 1997, walikuwa na mashabiki wao wa kweli. Lakini timu nyingi zilihama, zikabadili majina na kufungwa baada ya msimu mmoja au miwili. Mwaka 1998 ligi haikuchezwa kabisa, na baada ya msimu wa 1999 ikafa. Timu zilipokufa, hapakuwa na daraja la chini la kushukia, na shabiki wa timu iliyofungwa hakuwa na mahali pa kwenda kuisubiri.

Shabana ilikuwa na mahali hapo, ingawa palikuwa pagumu. Katika ligi za chini za Kenya, safari ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Timu ya Kisii hucheza Jumapili moja nyumbani, na nyingine Nairobi, Mombasa au Meru, na safari ya kwenda Mombasa ni ya usiku kucha. Kiingilio cha mechi ya daraja la pili hakirudishi nauli. Mishahara huchelewa, na mara nyingi kocha humwomba mchezaji avumilie. Timu nyingi za ngazi hii huishi kwa michango ya viongozi, wanasiasa wa eneo na mashabiki wanaochanga kwa simu. Mfumo huo hauna heshima wala uhakika, na viongozi walioibeba Shabana katika miaka hiyo bila kuiacha ife wamefanya kazi ambayo haijapewa sifa ya kutosha.

Kilichopotea katika miaka hiyo 17 kinaonekana ukikitazama kwa jicho la televisheni. SuperSport ya Afrika Kusini ilionyesha ligi ya Kenya kwa karibu muongo mzima hadi ilipojiondoa mwaka 2017, na kampuni ya kamari ya SportPesa ikaidhamini ligi hadi mwaka 2019. Hicho ndicho kipindi ambacho klabu za Kenya zilipata picha nzuri, fedha za uhakika kiasi, na wachezaji waliojulikana hadi vijijini. Shabana haikuwamo. Kizazi kizima cha watoto wa Kisii na Nyamira kilikua kikiwa na timu ya Uingereza ukutani na Gor Mahia au Leopards kwenye runinga, na Shabana kwenye hadithi za wazazi.

Kuja kwa serikali za kaunti mwaka 2013 kulibadili kidogo hali ya viwanja. Kisii na Nyamira, ambazo sasa zilikuwa kaunti mbili zenye bajeti zao, zilianza kila moja kushughulikia uwanja wake: Kisii ikiwa na Gusii Stadium, Nyamira ikiwa na uwanja wa Manga unaojengwa kwa awamu. Mwaka 2020 sherehe za kitaifa za Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, zilifanyika Gusii Stadium, na uwanja ukafanyiwa ukarabati kwa ajili ya siku hiyo. Ukarabati huo ulikusudiwa wageni wa serikali, lakini aliyefaidika kwa muda mrefu ni mpira.

Msimu wa 2022/23 ulichelewa kuanza. FIFA ilikuwa imeifungia Kenya tena tangu Februari 2022, na kifungo hicho kiliondolewa mwishoni mwa Novemba. Ligi ya Supa ilipoanza, Shabana chini ya kocha Sammy Okoth ilikaa mbele pamoja na Murang'a Seal. Msimu ulipoisha katikati ya mwaka 2023, timu hizo mbili zilikuwa kileleni, na zote mbili zikapanda moja kwa moja. Kisii ilisherehekea kama mji uliotwaa ubingwa wa nchi. Wapo waliozaliwa baada ya mwaka 2006 waliokuwa wakiimba barabarani kwa ajili ya ligi ambayo hawajawahi kuiona timu yao ikiicheza.

Mashabiki hao walikuwa na jambo la kuonyesha Kenya nzima. Mara tu msimu wa 2023/24 ulipoanza, Shabana ikawa miongoni mwa timu chache zinazovuta umati popote zinapokwenda. Watu wa Gusii wanaoishi Nairobi, Nakuru, Kericho na Mombasa walijitokeza kwenye viwanja ambavyo kwa kawaida vina watazamaji mia mbili. Klabu ndogo zilizozoea kupoteza fedha kwa kuandaa mechi zikaona malango yao yakijaa. Azam TV ya Tanzania, iliyoanza kuonyesha ligi ya Kenya mwaka huo huo, ilipata picha za majukwaa yaliyojaa. Hata ng'ambo, hasa Minnesota nchini Marekani ambako Abagusii, yaani watu wa Gusii, ni wengi, matokeo ya Shabana yakawa habari ya kuulizana kwa simu kila wikendi.

Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Timu iliyopanda haikuwa na kina cha kikosi, na ilianza msimu vibaya hadi ikakaa chini ya jedwali. Kocha Sammy Okoth aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Sammy Omollo, anayejulikana zaidi kama Pamzo, beki wa zamani wa Harambee Stars aliyewahi kucheza soka ya kulipwa India. Timu iliponea, na walioshuka mwisho wa msimu walikuwa wengine. Msimu uliofuata kocha Peter Okidi alichukua usukani baada ya Pamzo, na Shabana ikaacha kuwa timu ya kuhesabu pointi za kuponea. Ilianza kuzifunga timu kubwa na kukaa nusu ya juu ya jedwali. Kwa klabu iliyotoka miaka 17 ya shida, hayo ni mafanikio ambayo yasidharauliwe kwa sababu hayana kombe.

Swali lililobaki ni la umiliki na fedha. Duka lililoipa jina halibebi tena timu. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inazitaka klabu zisajiliwe na Msajili wa Michezo na kuwa na katiba na uchaguzi, na masharti ya leseni ya Shirikisho la Soka la Afrika yanadai zaidi: uwanja unaofaa, makocha wenye vyeti, timu za vijana, hesabu zilizokaguliwa na mikataba ya maandishi. Shabana, kama Gor Mahia na Leopards, ni klabu ya jamii. Nguvu yake ni idadi ya watu, na udhaifu wake ni huo huo, kwani mtu anayepiga kelele majukwaani si lazima awe mwanachama aliyelipa ada. Wadhamini wengi wa soka ya Kenya sasa ni kampuni za kamari, ambazo huja kwa kishindo na kuondoka serikali inapobadili kodi, kama SportPesa ilivyoondoka mwaka 2019. Fedha za kaunti nazo hufuata upepo wa siasa, na klabu inayozitegemea hulazimika kuwa na rafiki katika kila uchaguzi.

Njia ya uhakika zaidi, ingawa ni ya polepole, ni uanachama. Eneo lenye wakazi zaidi ya milioni moja na nusu katika kaunti mbili, na wenyeji wake waliotapakaa miji yote ya Kenya na nchi za nje, halikosi watu elfu chache wa kulipa ada ndogo kila mwaka na kupata sauti katika mkutano mkuu. Ada ya namna hiyo haimnunui nyota kutoka nje, lakini inalipa basi, inalipa kocha wa vijana, na inamzuia mfadhili mmoja kuiua timu kwa kuondoka tu.

Hatari hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Awendo, mwendo mfupi kusini-magharibi mwa Kisii, kuna kiwanda cha sukari kilichokuwa na timu nzuri, Sony Sugar. Mwaka 2006, mwaka ule ule Shabana iliposhuka daraja, Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya. Iliendelea kuishi kwa fedha za kiwanda hadi kiwanda kilipolemewa, na katika msimu wa 2019/20 ikafutwa kwenye ligi kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Leo bingwa wa mwaka 2006 hayupo Ligi Kuu, na timu iliyoshuka mwaka huo ipo.